Pikipiki Ikilala, Randa Iamke

Nchini Ujerumani pikipiki ina likizo ya kisheria. Tangu mwaka 1997 mwenye chombo anaweza kuomba namba ya msimu, ambayo pembeni imeandikwa miezi yake, kwa mfano 04 na chini yake 10, yaani Aprili hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo chombo hakiruhusiwi kuonekana barabarani, na kodi na bima huhesabiwa kwa miezi iliyoandikwa tu. Theluji ikianza, pikipiki inafunikwa gereji na mwenyewe anatafuta la kufanya. Wengine huishia kwenye useremala, maana gereji ipo, umeme upo, na baridi imeshawafungia ndani.

Zuzu mambo ni mengine. Kata hii iko magharibi ya jiji la Dodoma, kwenye njia ya reli ya kati ya zamani, na watu wa mbali huisikia kwenye taarifa ya habari kwa ajili ya kituo kikubwa cha kupozea umeme cha TANESCO. Dereva wa bodaboda wa hapa mara nyingi anaendesha chombo cha mkataba, na hesabu ya tajiri haina msimu. Lakini muulize yeyote kijiweni, saa zilizokufa anazijua. Kuna siku za Januari na Februari mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, njia za udongo zinateleza, na abiria wenyewe wako shambani kwenye mtama na alizeti. Halafu kuna kipupwe, Juni mpaka Agosti. Mchana jua ni zuri na watu wamevuna, ila alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo wa kusini mashariki unakata masikio, na ikigonga saa 2 usiku kila mwenye blanketi yuko ndani.

Vijana wengi wa bodaboda hutumia saa hizo kugonga mbao nyumbani: kigoda, meza, kitanda cha mtoto. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba wanachukulia saa za mvua na saa za kipupwe kuwa ni kitu kimoja, na mbao haichukulii hivyo. Hapa kwetu msimu wa mvua ni wa kununua na kupanga, na kipupwe ni cha kukata na kuunganisha. Nitaeleza kwa nini, kisha tuone nini kinaweza kutengenezwa.

Mbao nyingi za bei nafuu zinazouzwa Dodoma ni za msindano, na kwa sehemu kubwa chimbuko lake ni Mufindi, liliko Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Mafinga, mji wa huko Mufindi, iko juu sana, asubuhi zake ni za ukungu na baridi ya kweli. Lori likitoka huko linapita Iringa, linateremka Mtera na kupandisha Dodoma. Tangu barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma, karibu kilomita 260, ilipozinduliwa Aprili 2018, ubao uliopasuliwa Jumatatu unaweza kuwa dukani kwetu kabla ya Ijumaa. Mfanyabiashara anashukuru. Seremala anapaswa kujua kwamba ubao huo bado unadhani uko Mufindi.

Ndani ya mbao maji yako ya namna mbili. Yapo yaliyojaa kwenye mirija, na yapo yaliyonyonywa na kuta za seli zenyewe. Ya mirija hutoka kwanza, na yakitoka ubao unapungua uzito tu, umbo linabaki vilevile. Unyevu ukishuka mpaka karibu asilimia 28 ya uzito wa mbao kavu, kuta nazo zinaanza kutoa ya kwao, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Kwa msindano, kila asilimia moja ya unyevu inayopotea chini ya kiwango hicho hupunguza upana wa ubao kwa karibu robo ya asilimia, endapo umepasuliwa kwa njia ya kawaida na pete za mti zimelala. Pete zikiwa zimesimama, punguzo ni kama nusu ya hapo. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kumshughulisha mtu.

Tuhesabu. Ubao wa moja kwa nane, upana wake kama milimita 200, umeingia nyumbani ukiwa mbichi na mwisho ukakauka hadi asilimia 10. Umepoteza asilimia 18 chini ya ule mpaka. Mara robo, ni asilimia nne na nusu ya upana, yaani milimita 9. Mlango wa kabati wenye mbao tatu za namna hiyo, uliobanwa vizuri kabisa mwezi Februari, mwezi Septemba utakuwa na nyufa za kuingiza kidole. Watu husema fundi ni mbovu, kumbe fundi alipima sawasawa kitu ambacho kilikuwa bado kinatembea.

Na ubao hauachi kutembea hata baada ya kukauka. Daima unatafuta kulingana na hewa iliyouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huuacha ubao kwenye asilimia 16 hivi, hewa ya asilimia 65 huuacha kwenye 12, na hewa ya asilimia 50 kwenye 9. Dar es Salaam na bahari yake iko upande wa juu wa mizani hiyo karibu mwaka mzima. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na yenye mvua za msimu mmoja tu kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, hupanda na kushuka: mvua zikikolea ubao unanyonya, kiangazi kikishika unatema. Tofauti ya asilimia tano kati ya Februari na Septemba ni ya kawaida kabisa. Kwa meza ya msindano yenye upana wa sentimita 80, asilimia tano maana yake ni sentimita moja nzima inayokuja na kuondoka kila mwaka.

Hapa dereva wa bodaboda ana faida kuliko mtu mwingine anayeanza useremala. Anajua tayari kwamba cheni haikazwi mpaka ikawa kamba ya gitaa. Huachiwa kucheza sentimita mbili au tatu, kwa sababu abiria akikaa na shokapu ikibonyea, gurudumu la nyuma linasogea, na cheni isiyo na nafasi italiza beringi au ikatike. Meza nayo inadai nafasi yake. Uso wa meza usigundishwe wala kupigiliwa misumari kwenye fremu upande wa upana. Toboa fremu matundu marefu kama punje ya mpunga, yakielekea upande ambao ubao unatanuka, pitisha skrubu na washa, kaza kiasi cha kushika tu. Skrubu za katikati zinaweza kuwa kwenye tundu la duara ili uso utanuke kulia na kushoto kwa usawa. Ni kazi ya robo saa, na ndiyo inayotofautisha meza ya miaka mitatu na meza ya miaka thelathini.

Sasa, kwa nini kununua wakati wa mvua? Kwa sababu ukinunua Februari, una miezi minne kabla ya kipupwe, na ukitulia msindano wa inchi moja utakuwa umekauka kadiri hewa ya Dodoma inavyoruhusu. Panga mbao juu ya matofali, futi moja kutoka chini kwa ajili ya mchwa, ambao huku hawana adabu. Kati ya safu na safu weka fito za inchi moja kila baada ya futi mbili, zote zikisimama kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Fito zikipishana, ubao unapinda hapohapo. Bati juu, kivuli pande zote, upepo upite. Miisho ya mbao ipakwe rangi yoyote ya mafuta iliyobaki, maana maji hutokea kwenye miisho haraka kuliko kwingine na ndipo nyufa huanzia. Usizianike juani ukidhani unaharakisha. Uso utakauka kabla ya kiini na ubao utajikunja.

Kujua kama zimeiva hakuhitaji kifaa cha maabara. Kata kipande cha urefu wa shubiri kutoka ndani ya ubao, si kwenye mwisho wake. Kiweke palepale kwenye rundo, na kila Jumamosi kipeleke dukani kwenye mzani wa kidijitali, ule wa kupimia sukari. Andika gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Mwanzoni namba zitashuka haraka, kisha polepole, na wiki mbili zikifuatana bila kushuka, anza kazi. Mwenye duka atauliza maswali mara ya kwanza, halafu atazoea. Anayetaka kujua asilimia kamili akaushe kipande kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka kisipungue tena, achukue uzito wa mwanzo atoe huo mkavu, agawe kwa huo mkavu. Kipande cha gramu 620 kilichokauka hadi 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 24, yaani bado kabisa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa kuwa kila duka litakushauri ununue zaidi ya unachohitaji. Msumeno wa mkono, randa ya chuma namba 5, patasi mbili, keekee, futi kamba, mraba na jiwe la kunolea. Fedha ya grainda iache kwanza, na hapa nina sababu ya kitabibu. Mikono ya dereva imeshatikiswa na hendeli tangu alfajiri. Mtikisiko wa muda mrefu hudhoofisha mishipa midogo ya damu na fahamu kwenye vidole, na baridi ndiyo inayoamsha dalili: ganzi, kuwashwa, vidole kupauka na kushindwa kufunga kifungo cha shati. Mtu aliyetoka barabarani saa 1 jioni ya Julai kisha akashika mashine ya kupigia msasa kwa saa mbili, anaongeza mzigo uleule kwenye vidole vilevile. Randa iliyonolewa vizuri haitikisi. Piga bapa lake kwenye jiwe kwa nyuzi 25, kisha malizia ncha kwa 30, na likinyoa nywele za mkono liko tayari. Ukiona randa inaruka na kung'oa badala ya kumenya, geuza ubao. Unakwenda kinyume cha nyuzi zake.

Klempu pia ni ghali, ila dereva anazo bila kujua. Tyubu iliyozibwa mpaka ikakataa kiraka, ikate utepe wa upana wa vidole viwili kwa kuzunguka, upate kamba ndefu ya mpira. Fremu ikishapakwa gundi nyeupe, izungushie utepe huo ukiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Mizunguko sita au saba hubana kuliko mtu anavyotarajia, na haiachi alama kwenye msindano laini. Gundi iliyopakwa jioni ya kipupwe iachwe mpaka kesho mchana. Baridi yetu haiiharibu, ila huichelewesha.

Cha kutengeneza kwanza kiwe benchi la kazi lenyewe, kutoka mbao za zege. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, ujenzi haujapumzika, na kila jengo likiisha kunabaki marundo ya mbao zilizoshika zege. Zimekauka, ni za bei ya chini, na kosa lolote juu yake halilizi mtu. Zisugue kwa brashi ya waya kwanza, maana punje moja ya saruji hung'oa makali ya randa. Halafu pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu juu ya uso wote. Sumaku ikishtuka, kuna msumari uliokatikia ndani.

Cha pili ningependekeza mzinga wa nyuki, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo.

Mzinga ni kisanduku tu, hauna urembo, na nyanda hizi kuelekea Bahi na Manyoni asali ni biashara ya zamani kuliko pikipiki. Lakini ni kisanduku kinachodai vipimo, kwa hiyo kinamfundisha mtu useremala kuliko kigoda kinavyoweza. Mmarekani Lorenzo Langstroth aligundua mwaka 1851 kwamba nyuki wana kipimo chao cha njia: nafasi ya kati ya milimita 6 na 9 hivi huiacha wazi wapite, ndogo kuliko hiyo huiziba kwa gundi yao, na kubwa kuliko hiyo hujenga sega ndani yake. Ufugaji wote wa mizinga yenye fremu umesimama juu ya hilo. Kwetu umeenea zaidi mzinga wa viunzi vya juu, ulioboreshwa Kenya miaka ya 1970, ambao hauna fremu. Una viunzi vilivyopangwa kama dari, kila kimoja kikiwa na mstari wa nta katikati, na nyuki hushusha sega moja kutoka kila kiunzi. Upana wa kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo na huhitaji 35. Ukikosea, sega litaanza kwenye kiunzi kimoja na kuishia kwenye kingine, na siku ya kuvuna utavunja viwili kwa wakati mmoja huku nyuki wakikueleza maoni yao.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya unyevu. Kiunzi cha milimita 32, kikipanda kwa asilimia tano za unyevu, kinatanuka karibu milimita 0.4. Ni kidogo mno kuonekana. Lakini mzinga una viunzi 26 hivi vilivyogusana, na 0.4 mara 26 ni zaidi ya sentimita moja. Ukivikata kiangazi na kuvipanga vikakaza ukuta hadi ukuta, mwezi wa pili havitatoka bila nyundo. Ukivikata wakati wa mvua vikakaza, kiangazi vitaacha ufa wa kupitisha sisimizi na mende. Dawa yake ni kukata viunzi wakati wa ukavu, kisha kuacha mwanya wa sentimita moja na nusu mwishoni, na kuuziba kwa ubao mwembamba ambao haugusi sega lolote. Mvua zikija unauchomoa na kuurandia. Huo ubao mmoja wa ziada mafundi wengi huusahau.

Mzinga haupakwi oili chafu. Nalisema hili kwa sababu bodaboda wanayo bure kila wanapomwaga injini, na Dodoma nzima huipaka mbao dhidi ya mchwa. Kwenye nguzo ya ua sawa. Lakini oili iliyotumika ina vyuma vizito na masalia ya mwako yanayosababisha saratani, haitakiwi karibu na asali, kitanda cha mtoto wala ubao wa kukatia mboga. Kama sisimizi wanasumbua, tumbukiza miguu ya stendi ya mzinga kwenye makopo yenye oili hiyo, yafunikwe mvua isiyamwage, basi.

Vumbi la mbao nalo si la kuchezea: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1995, na mninga una sifa mbaya zaidi ya kubana kifua. Fanyia kazi nje, upepo wa kipupwe ukiwa mgongoni mwako upeleke vumbi mbele. Na kuna jambo la sebuleni. Wengi hulaza pikipiki ndani kwa hofu ya wezi, na kipupwe kikikaza wanaingiza na benchi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na sakafu yenyewe imejaa maranda makavu. Ikiwa mama watoto ana jiko la mkaa chumba cha pili, chagua kimoja kati ya pikipiki na benchi kilale nje.

Mbao za asili kama mninga na mkongo zinavutia, na kweli mninga hutulia kuliko msindano, hautembei sana. Ila kuzisafirisha kunahitaji hati kutoka TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na ubao mmoja wa mninga juu ya pikipiki bila karatasi utakugharimu kuliko meza uliyokuwa unaiwaza. Hata msindano, usibebe futi 12 kwa kuulaza mapajani mwa abiria. Mwambie muuzaji aukate vipande vya futi nne hapohapo. Kwa mzinga hutahitaji kirefu zaidi ya hicho.

Mzinga ukikamilika Agosti, mpeleke mfugaji akuelekeze pa kuutundika kabla ya mvua za kwanza. Ukiwa mtupu unapanda bodaboda bila shida, umelazwa nyuma na kufungwa kwa utepe uleule wa tyubu. Ukishaingia nyuki, kuuhamisha ni kazi ya usiku na ya mwenye pikapu.